Mguu wangu, kuku wa mama na majani mekundu ya njia ya Kipushi

Nilianguka Jumamosi moja ya mwisho wa mwezi wa nane, beseni ya maji mikononi, pale kwenye ngazi ya jikoni ambayo napanda na kushuka sijui mara ngapi kwa siku, na ngazi yenyewe ni mbili tu, si kwamba ni gorofa. Nikasikia ka! kwenye kifundo cha mguu wa kuume. Kitu cha kwanza niliwaza si mguu. Niliwaza yunifomu.

Mwenye anaishi Lubumbashi anajua mwisho wa mwezi wa nane ni nini kwa fundi wa kushona. Masomo yanafungua mwezi wa tisa, kila mzazi anataka sketi ya buluu na blauzi nyeupe, tena anaitaka jana. Mimi nilikuwa na 23 mezani zimekatwa hazijashonwa, na cherehani yangu ni ya kukanyaga. Ya kukanyaga na mguu wa kuume!

Picha ikaonyesha kamfupa kembamba ka upande wa nje kamepasuka lakini kamebaki mahali pake, kwa hiyo hakuna kupasuliwa, platre (plasta ngumu ya kufunga mfupa) wiki sita, magongo mawili, na ukilala au ukikaa mguu uwe juu kupita moyo kwa sababu unavimba. Magongo hatukununua, mama mmoja wa kanisani alituazima, alikuwa nayo chini ya kitanda tangu mume wake apone. Baba wa watoto anafanya kazi Kolwezi, anarudi mara mbili kwa mwezi kama barabara inakubali, basi tukabaki siye na siye, mimi na watoto watatu na yunifomu 23.

Tulizimaliza. Kijana wangu wa kwanza, miaka 13, alikaa chini ya cherehani kama makanika chini ya gari, anasukuma kanyagio na mikono miwili, mimi juu naongoza kitambaa, mguu kwenye kiti kingine. "Enda. Enda. Simama! Nimesema simama!" Mshono ulikuwa unaenda kama nyoka mwanzoni, nikafumua blauzi nne. Siku ya tatu akashika mwendo, akaanza hata kuimba kule chini, na mimi najua kama wimbo unaharakisha basi sindano nayo inaharakisha, namwambia imba ya pole pole, ya misa. Mzazi mmoja mpaka leo hajajua kwa nini pindo la mwanawe limepinda kidogo. Anyamaze tu, na mtoto amesoma.

Kisha mama akafika kutoka Likasi, na gunia la makaa, dagaa, na kuku jike mwekundu amefungwa miguu. Nikafurahi, nikasema leo tunakula bukari, ugali wetu, na kuku.

"Mama, huyu tunamupika leo?"

"Hapana. Huyu ni wa kuvunja muguu."

Kwa wasiojua: kuna wazee wanatengeneza mifupa, na namna yao moja ni hii, wanamvunja kuku mguu, wanamfunga vijiti na dawa, na mgonjwa naye anafungwa, siku kuku anakanyaga chini na wewe unakanyaga. Mama alikuwa ameshapata mzee wake, upande wa Katuba, bei wameshaongea. Nikamwambia mama, mi niko na platre, huyo mzee atashika wapi? Akaniangalia kama vile mtoto mjinga. "Si atashika ya kuku."

Sikuwa na jibu la hiyo. Tulibishana siku mbili, na mama yangu hapigi kelele, yeye anasaga sombe (majani ya muhogo) tu kwa nguvu, kinu chote kinakujibu. Mwishoni ni mtoto wangu wa mwisho aliyemwokoa kuku, Kadogo, ameanza mwaka wa kwanza wa shule, alimkumbatia akalia mpaka nkambo wake, bibi yake, akachoka. Watoto wakampa jina Platre. Wiki sita nimekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwembe naangalia Platre anatembea na miguu yake miwili mizima, anachakura hapa anachakura pale, na nakwambia kuna siku nilimchukia yule kuku.

Kwa sababu kukaa si kupumzika jamani. Unawashwa ndani ya platre mahali kidole hakifiki, na usichokonoe na kijiti kwa sababu ngozi ikikwaruzika mule ndani huoni kinachooza. Wageni wanakuja kukupa pole na kila mmoja ana hadithi ya mguu, kuna mmoja alianza na mguu wa mjomba wake akamalizia kwenye matanga ya mjomba. Na chumvi. Mama yangu anatia chumvi nyingi, kumwambia siwezi, naye anapika.

Mwanzo wa mwezi wa kumi wakakata platre. Nilifikiri nitatoka pale nacheza. Mguu ulikuwa mwembamba kama wa mtu mwingine, ngozi inatoka magamba, kifundo kigumu kama bawaba yenye kutu. Nikalia hapo hapo, yule wa kine, mwenye kufundisha mazoezi ya viungo, akaninyamazia kidogo kisha akanipa kazi: kuvuta taulo na vidole vya mguu sakafuni, kuandika herufi hewani na kidole gumba, A mpaka Z, mara tatu kwa siku. Na ngazi: kupanda, mguu mzima unatangulia, kushuka, mgonjwa unatangulia pamoja na gongo. Kadogo naye alikuwa anajifunza herufi, basi jioni tunakaa mkekani, mimi naandika na mguu yeye anasahihisha. "Iyi haina B, mama. Iyi ni nane." Na kweli ilikuwa nane.

Sasa yaya wangu, yaani mkubwa wangu wa kuzaliwa, anaishi Liège, Ubelgiji, na mwezi wa kumi ndio yeye anatuma picha, misitu yote nyekundu na njano, anaita automne, majira ya majani kuanguka. Akanitumia nyingine, akaniuliza na weye unatokaka nje? Nikaona haya. Baba Kadogo aliporudi kutoka Kolwezi tukaomba gari la rafiki yake, Jumapili tukashika njia ya Kipushi, kilomita kama 30, mimi mbele mguu kwenye mto, mama nyuma na watoto na sahani ya bukari ndani ya kitambaa. Na pori ilikuwa nyekundu! Miombo inatoa majani yake mapya kabla ya mvua, na yakizaliwa yanazaliwa mekundu kama shaba, kisha ndiyo yanakuwa kijani. Nikapiga picha nikamtumia yaya. Yake yanaanguka, yetu ndiyo yanatoka, ila kwa simu huwezi kutofautisha. Akanijibu: "Umefika lini Ulaya?"

Tukala kando ya barabara. Nilitembea mpaka mti wa tatu na kurudi, mama ananishika kiwiko, goti lake na lenyewe linauma, tukaenda mwendo mmoja.

Wiki iliyofuata nikajidai, nikaenda mjini kununua uzi. Jakaranda zimechanua, zambarau juu na zambarau chini, na hakuna aliyenionya kwamba maua yale yakikanyagwa yanateleza kama sabuni. Gongo la kushoto likaenda zake. Kijana mwenye kuuza kadi za simu akanidaka kwapani, akasema "pole mama, ni maua," nikakaa kwenye kiti chake nusu saa nzima nahesabu kina nani wanateleza. Wanne. Hakuna aliyeanguka, lakini wote waligeuka kuangalia kama kuna mtu amewaona.

Mvua ya kwanza imepiga Alhamisi usiku. Asubuhi inswa, kumbikumbi, zimejaa chini ya taa ya nje, watoto na mabeseni, mama anazikaanga kwenye mbabula, jiko la makaa, Platre anakula zake bila kuombwa. Mimi sasa natembea na gongo moja tu, na sababu ya moja si mguu. La pili liko juu ya mwembe wa jirani. Kijana wangu alilirusha kuangusha embe bichi za kula na chumvi na pilipili, likanasa kwenye panda la tawi. Akarusha kandambili kulishusha, kandambili nayo ikabaki. Na mama wa kanisani amenipigia simu jana, mdogo wake ameteleza Ruashi, anakuja Jumapili kuchukua magongo yake. Yote mawili.