Mtori wa mzazi

Siku niliyotoka hospitali, nilikolazwa ili niache pombe, nilidhani kazi imekwisha. Nilikuwa nimelala wodini siku tano, nimechomwa sindano za vitamini B1, nimepewa vidonge vya kutuliza ambavyo kila siku vilipunguzwa kidogo, na mikono ilikuwa imeacha kutetemeka. Nikapanda daladala kurudi nyumbani, hapa Moshi mjini, nikijiambia kwamba Jumatatu naingia karakana na mwezi huu namalizia vitanda vyote vya watu.

Jumatatu niliingia saa mbili asubuhi. Kufika saa nne nilikuwa nimelala juu ya maranda, kijana wangu wa kazi amenifunika gunia.

Mimi ni seremala, uchovu wa kubeba mbao naujua. Ule una raha yake: unaoga, unakula, unalala, asubuhi umepona. Huu ulikuwa mwingine kabisa. Nilikuwa navaa kiatu kimoja, napumzika, ndipo navaa cha pili. Mke wangu akiniuliza swali fupi, jibu nalitafuta kama mtu anayetafuta msumari gizani. Nikilala saa tatu usiku naamka saa tisa, macho makavu, moyo unakwenda mbio, halafu hakuna tena usingizi mpaka jogoo awike. Mchana nasinzia nimeshika tepu.

Kijiweni walinicheka bila ubaya. "Mangi, ulipokuwa unakunywa ulikuwa unapiga randa mpaka saa mbili usiku. Sasa umeacha umekuwa mgonjwa. Si ukazimue kidogo tu?" Ubaya ni kwamba walisema kweli. Kuzimua kulikuwa kunanisaidia. Kwa miaka 14 nilianza siku kwa kidogo cha kufungulia macho, zamani ni viroba, vile vipakiti vya pombe kali vya mfukoni, na Serikali ilipovipiga marufuku Machi 2017 nikahamia kwenye chupa ndogo. Nilikuwa naamini ile ndiyo nguvu yangu. Wiki ya tatu bila pombe, kilichokaribia kunirudisha baa hakikuwa kiu wala marafiki. Kilikuwa uchovu. Nilitaka tu kujisikia mtu kwa saa mbili.

Nilirudi kwa daktari nikamwambia, dokta, mmenitibu au mmenimaliza? Akacheka, akachukua damu. Majibu yakaonyesha damu pungufu, na chembe nyekundu zimekuwa kubwa kuliko kawaida, jambo linalowatokea wanywaji wengi. Akaniandikia vidonge vya foliki. Kuhusu usingizi alinieleza hivi: pombe humlaza mtu haraka, lakini nusu ya pili ya usiku huukatakata usingizi. Ubongo nao, ukizoea kutulizwa kila siku, hujifunza kukaza zaidi ili usizimike. Ukiondoa pombe ghafla unabaki umekaza vilevile, kama gari linaloendelea kukanyagwa mafuta breki zikiwa zimeachiwa. Kulegea kwake ni suala la wiki, pengine miezi. "Una deni la usingizi la miaka 14," alisema, "unataka ulilipe Jumatatu?"

(Niseme hapa, maana wapo watakaosoma na kuamua kuacha leo usiku peke yao chumbani: kama asubuhi unatetemeka mpaka unywe ndipo utulie, nenda hospitali kwanza. Degedege la kuacha pombe ghafla linaua. Mimi lilinipata mara moja nikijaribu kuacha kiume, na nina kovu kichwani.)

Lakini aliyenifundisha kuchoka ni mama.

Alishuka kutoka Kibosho siku ya ishirini na kitu, sufuria imefungwa kwenye kanga. Ndani mtori, supu nzito ya ndizi na nyama. Wachaga tunajua mtori wa namna ile anapewa nani: mwanamke aliyejifungua. Anakaa ndani miezi mitatu, analishwa mtori na maziwa, hashiki jembe, hachoti maji, na hakuna anayemwita mvivu. Nikamwambia, "Mama, mimi mwanamume, unaniletea chakula cha mzazi?" Akanitazama tangu kichwani mpaka miguuni. "Kwani wewe hukutoka damu? Kula, mwanangu. Mzazi hahesabiwi siku za shamba."

Nilicheka, halafu nikalia kidogo, halafu nikamaliza bakuli mbili.

Tangu siku ile niliacha kupigana. Nilimwita mke wangu tukapanga: miezi mitatu, kazi za nusu siku. Mashine ya kuranda nikampa kijana, kwa sababu mtu anayesinzia na kisu kinachozunguka hawafai kukaa chumba kimoja. Mimi nikashika msasa. Kupiga msasa kunafaa kwa mtu aliyechoka: unakaa, mkono unakwenda, na ukiacha katikati hakuna kilichoharibika. Fedha ilipungua, sifichi. Mteja mmoja alichukua oda yake ya makochi akaipeleka kwingine, na tulikula maharage mwezi mzima.

Saa mbaya kuliko zote ilikuwa saa tisa alasiri. Nilichelewa kugundua kuwa, ukiacha kile kidogo cha asubuhi, ndiyo saa niliyokuwa naanza kunywa hasa, na ndiyo saa ambayo tumbo lilikuwa tupu, maana mlevi hali chakula cha mchana. Nikaanza kula saa saba na nusu nikitaka nisitake: ndizi, nyama kidogo, mboga, parachichi likiwepo. Mwanzoni nilikuwa nakunywa soda, tatu kwa siku, kwa sababu mwili ulililia sukari uliyozoea kuipata mle chupani. Soda inakuinua nusu saa kisha inakuangusha chini zaidi. Nikahamia kwenye ndizi mbivu na karanga. Baada ya kula nalala dakika 20, saa ya simu ikilia naamka hata kama naitukana. Nikizidisha pale, usiku nalipa.

Kahawa ilinisumbua. Sisi kahawa iko nyuma ya nyumba, nitaikataaje? Nilikuwa napambana na uchovu kwa vikombe vinne mpaka jioni, halafu namlalamikia Mungu kuwa sipati usingizi. Sasa naishia saa sita mchana. Uji wa ulezi nao, ambao kila mtu aliniambia unajenga damu, niliushindwa mpaka mwezi wa pili. Ulezi ndio unaotiwa kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi. Harufu ile ilinipeleka moja kwa moja kilabuni, nikamwomba mke wangu aumwage.

Na ndoto. Naota nimekunywa, naamka najinusa mdomo, nina aibu ya kitu ambacho sikukifanya. Usiku kama huo haupumzishi mtu. Kwenye kikundi chetu cha jioni, cha watu wanaoacha pombe, nilipolieleza hilo, mikono yote ilinyooshwa. Nao walikuwa wanaota. Mzee mmoja pale ana maswali manne anayokuuliza kabla hujamaliza kulalamika: umekula? una hasira na nani? umekaa peke yako siku ngapi? umelala? Mara nyingi jibu lilikuwa la kwanza au la mwisho, nami nilikuwa nimeliita kiu.

Huyo huyo alitusimulia mwanzo wa vikundi hivi, mji wa Akron, Marekani, mwaka 1935: walevi wawili, mmoja dalali wa hisa, mwingine daktari wa upasuaji. Inasemekana bia ya mwisho ya yule daktari alipewa asubuhi ili mikono itulie aende kupasua mgonjwa. Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka, niliwaza patasi zangu.

Haikuisha siku moja. Kwanza niliona nimefunga viatu vyote viwili bila kupumzika. Kisha usiku mmoja, karibu na mwezi wa tatu, nililala saa nne nikaamshwa na kelele za watoto wanaojiandaa kwenda shule, nikakaa kitandani nikishangaa dirisha jeupe. Wiki iliyofuata zikarudi usiku tatu mbaya mfululizo. Zilipita.

Mama alikuja tena Jumapili moja, mikono mitupu. Nikachungulia kwenye kapu lake, hamna sufuria. "Mtori uko wapi, mama?"

"Mtori wa nini? Banda la ng'ombe linavuja. Lete misumari, na uje na nyundo yako, ya baba yako imepotea."