Bomba la Jengo Tupu

Jengo lilikuwa tupu kwa miezi minane. Milango ilikuwa imeng'olewa, umeme umekatwa, na maji tulikuwa tumeyafunga sisi wenyewe wiki iliyotangulia. Kwa hiyo nilipoinama juu ya shimo na kuona mstari wa unyevu chini ya bomba la maji taka, upana wake kama vidole viwili, ukimeta kwa mwanga wa tochi, nilipaswa kusimamisha kazi palepale. Sikusimamisha.

Nilikuwa na miaka mitatu kazini, katika kitengo cha maunganisho cha mamlaka ya maji. Kabla jengo lolote halijabomolewa, ilikuwa lazima mtu wa kitengo chetu aende, aone kwa macho yake laini ya maji safi na laini ya maji taka zikikatwa na kuzibwa, kisha atie sahihi. Bila karatasi ile kontrakta hapewi kibali. Kwa jengo lile, mwenye sahihi nilikuwa mimi.

Upande wa maji safi haukunisumbua. Tulifukua mpaka kwenye bomba kuu barabarani, tukafunga feruli, ile vali ndogo inayounganisha laini ya nyumba na bomba kuu, tukakata laini iliyoingia kiwanjani na kuvalisha kofia mdomo uliobaki. Wapo wanaong'oa mita, wanakunja bomba pale mpakani na kuondoka. Mimi hilo sikulikubali hata nilipokuwa mgeni wa kazi. Kipande cha bomba kinachobaki kati ya bomba kuu na kiwanja kina presha usiku na mchana, lakini maji yake hayaendi popote. Klorini inaisha nguvu humo, vijidudu vinapata makao, na siku presha ya mtaa ikishuka maji yale yaliyolala yanaweza kurudi kwenye bomba wanalonywea wengine. Na likipasuka chini ya msingi mpya, nani atajua lilikuwapo? Halina mita wala mwenyewe.

Maji taka ndiyo yaliyonifundisha kazi.

Laini ya maji taka huzibwa kabla mashine haijagusa ukuta. Ukiliacha bomba wazi, kifusi kinaingia, panya wanatoka, gesi inapanda. Baya zaidi ni mvua. Kila ikinyesha, maji yanachukua udongo kidogo na kuushusha kwenye bomba, na uwazi unakua polepole chini kwa chini mpaka siku barabara inatitia na watu wanashangaa shimo limetoka wapi. Hayo yote niliyajua. Asubuhi ile nilikuwa na haraka ya kuziba kwa sababu niliyajua.

Tulilikuta bomba kwenye kina cha mita 1.5, upande wa barabara, bomba la zamani la udongo wa kuchoma lenye kipenyo cha milimita 100. Fundi wetu, mtu mzima aliyenizidi umri kwa mbali, alilikata taratibu, akachungulia ndani, akanyamaza. Kisha akanipa tochi.

"Injinia, hili bomba bado linatumika."

"Jengo halina mtu, fundi. Huo ni unyevu wa ardhini."

"Unyevu wa ardhini hauleti karatasi."

Kweli, juu ya ule mstari kulikuwa na kipande cha karatasi ya chooni, kidogo kama ukucha wa dole gumba, kimenata kwenye udongo. Hakikuwa kimekauka. Nilikitazama vizuri. Nasema hivi kwa sababu kwa miaka mingi nilijaribu kujiridhisha kwamba sikukiona sawasawa, na si kweli. Nilikiona. Nikajiambia ni mabaki ya zamani.

Fundi aliomba nusu saa. Alitaka kupita nyumba zinazopakana na kiwanja kile, amwage ndoo ya maji kwenye kila choo, mimi nibaki shimoni nione kama kuna kitakachopita. Lakini kijiko cha kontrakta, ile mashine ya kuchimbia na kubomolea, kilikuwa kimesimama pale, kinalipiwa kwa saa. Mkuu wangu alikuwa amenipigia simu mara mbili akiuliza karatasi. Na ramani niliyokuwa nayo mkononi ilionyesha laini moja, kutoka jengo lile kwenda barabarani, basi. Nikasema tuzibe.

Tukaingiza kizibo cha mpira, tukakikaza kwa skrubu yake mpaka kikajaa bomba, mbele yake tukashindilia zege. Nilisubiri zege likaze, nikapiga picha, nikapima umbali kutoka kona ya ukuta na kutoka nguzo ya taa ili atakayekuja baada yangu alikute bila kubahatisha. Kisha shimo likafukiwa. Fomu yangu haikuwa na pengo hata moja, ila haikuuliza nani mwingine anatumia bomba lile, nami sikuuliza.

Siku ya tatu asubuhi nikaitwa. Malalamiko yametoka nyumba ya nyuma ya kiwanja.

Mlangoni alinipokea mama mmoja wa makamo ya bibi yangu, kanga kiunoni, mikono imelowa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa maji? Njoo uone mwenyewe."

Bafuni alikuwa amepanga matofali matatu ya kukanyagia mpaka chooni. Tundu la sakafuni ndilo lililotangulia kutapika, kwa kuwa ndilo la chini kuliko yote mle ndani. Maji meusi yalikuwa yamesimama, yamefika nusu ya tofali, na kizingitini alikuwa amezungushia nguo kuukuu ili yasiingie chumbani. Pembeni kulikuwa na beseni la nguo za shule, zimelowekwa, hazijafuliwa. Anaishi na mjukuu wake.

Nilitegemea anifokee. Ningefarijika. Badala yake alianza kujieleza. "Jana usiku nilidhani mtoto ametupa kitu akaziba. Nikamgombeza. Tangu hapo hatumwagi maji, hata kuoga anakwenda kwa jirani. Labda ni mimi na yale maji ya kuoshea vyombo?"

"Si wewe, mama," nikamwambia. "Wala si mtoto." Nikataka kuendelea, koo likakauka. Mwisho nikamwambia yote: kwamba maji yake yanapita chini ya lile jengo linalobomolewa, kwamba bomba limezibwa, na aliyeagiza lizibwe ni mimi. Akanitazama kwa muda. "Basi nitamwomba mtoto radhi," akasema.

Hakusema lingine. Mpaka leo neno hilo linanifuata.

Kwa nini ilichukua siku mbili nzima kabla ya kuonekana? Nilipiga hesabu nikiwa nimesimama uani pake. Bomba la milimita 100 linachukua karibu lita 8 kwa kila mita. Kutoka kizibo changu hadi bafuni kwake ni kama mita 30, yaani lita 240 hivi, bila kuhesabu chemba yake, kile kishimo chenye kifuniko cha kukagulia bomba. Nilikuwa nimegeuza laini yake kuwa tangi, na watu wawili waangalifu walichukua siku mbili kulijaza. Wangekuwa watu kumi, maji yangerudi jioni ileile, nami ningepigiwa simu kabla ya kulala.

Jioni nilirudi ofisini nikakaa na majalada. Kiwanja cha mbele na cha nyuma vilikuwa kimoja zamani, cha mtu mmoja. Alijenga nyumba ya mbele, akaivuta laini hadi barabarani. Baadaye akajenga ya nyuma, akaiunganisha kwenye laini ileile kwa kiungio cha pembe chini ya uwanja. Kisha kiwanja kikagawanywa, kikauzwa vipande viwili. Mpimaji aligawa ardhi ya juu. Bomba la chini halikugawanywa na mtu yeyote, wala halikuandikwa popote.

Lakini jibu lilikuwapo, na hili ndilo linalonichoma. Maji safi yana mita, kila nyumba inahesabiwa. Maji taka hayana mita. Tozo yake inakokotolewa kutoka kwenye maji safi uliyotumia, basi. Kwenye daftari letu mama yule alikuwa akilipa tozo ya maji taka kila mwezi, maana yake ameunganishwa. Na nyuma ya nyumba yake hakuna bomba kuu la maji taka. Halijawahi kuwapo. Ameunganishwa, lakini wapi? Swali hilo ningelijibu kwa dakika kumi, mezani, kabla ya kugusa sururu.

Kesho yake alfajiri nilikuwa kiwanjani kabla ya mashine kuwashwa. Kijiko kilikuwa kimeangusha vyumba vya mbele tu na siku hiyo kilikuwa kianze kung'oa msingi. Kingelifikia bomba kabla ya mchana, na maji ya mama yangemwagika kwenye shimo la ujenzi. Nikasimamisha kazi kwa maandishi. Kontrakta alikasirika, na alikuwa na haki.

Kufungua kizibo si kazi ya kukurupukia. Nyuma yake kumesimama maji taka ya mita 30, na anayelegeza skrubu yumo shimoni, kichwa chini ya usawa wa ardhi. Kwanza tulileta gari la kunyonya, likavuta maji kutoka chemba ya mama mpaka laini ikapungua. Kijana mmoja wa kikosi akataka kuteremka, anasema hasikii harufu. Fundi akamvuta kwa shati. Ile gesi ya maji taka, haidrojeni salfaidi, ikiwa kidogo inanuka yai viza, ikiwa nyingi inaua pua na husikii kitu. Kutosikia harufu si salama. Akateremsha kipima gesi kwa kamba, akasubiri, akakisoma, akakiteremsha tena.

Tulipokuwa tunaingia, nilitegemea aseme: si nilikwambia? Aliniangalia tu, akasema, "Injinia, shika kamba." Nikaishika kamba yake mpaka akatoka. Tulibomoa zege kwa patasi, kidogo kidogo, kisha akalegeza kizibo nusu mzunguko, akangoja, nusu nyingine, na yaliyobaki yakapita yakielekea barabarani.

Hapo mama alipata nafuu, lakini bomba lile lisingeweza kubaki chini ya jengo jipya. Siku zilizofuata tulimchimbia laini yake mwenyewe kando ya uzio, bomba la plastiki la milimita 110, mteremko wa 1 kwa 40. Kwa mita 34 hiyo ni kushuka sentimita 85 kutoka mwanzo hadi mwisho, na nilipima kila kiungio kwa leveli kwa mkono wangu. Mteremko ukipungua uchafu unalala. Mpakani tukajenga chemba, ili siku nyingine mtu akitaka kujua bomba ni la nani, afunue kifuniko tu. Laini ya zamani tukaizibia kule kwenye bomba kuu.

Lakini kabla ya kuiziba, tulipita nyumba zote zinazopakana, si ya mama peke yake. Nilibeba mwenyewe kopo la floresini, rangi ya kufuatilia maji yanakopita. Ikiwa kavu ni unga wa rangi ya machungwa iliyokolea, chembe zake zikigusa maji yanakuwa kijani kinachowaka. Kila choo, kila sinki, kila tundu la uani. Nikimaliza nyumba moja nampigia fundi aliyeko kwenye lile shimo la zamani. "Vipi?" "Kavu." Nyumba ya pili. "Kavu." Ya tatu. "Kavu bado." Ilituchukua karibu saa mbili. Nusu saa aliyoiomba siku ile ingetosha, maana nyumba ya mama ndiyo angeanza nayo.

Kwenye fomu niliongeza mstari kwa kalamu, pembezoni, kwamba maji ya rangi yamemwagwa katika kila nyumba jirani na matokeo yake ni haya. Ripoti niliyomwandikia mkuu wangu ilianza kwa neno "niliziba". Alinishauri niweke "laini ilizibwa". Nikaiacha kama ilivyokuwa.

Nyumba ya mama tuliiacha ya mwisho, tuione kwenye laini mpya. Mjukuu ndiye aliyemimina rangi, kwa ombi lake. Mimi na fundi tulikuwa tumechuchumaa juu ya chemba ya mpakani, kifuniko kimeegeshwa pembeni. Kwanza ikasikika sauti, kisha maji yakaja, kijani kitupu, yakapinda vizuri kwenye mfereji wa chemba na kutokomea upande wa barabara bila kuacha kitu nyuma.

Mama akachungulia juu ya uzio. "Sasa naweza kufua?"

"Fua, mama. Fua zote."

Akaingia ndani. Fundi alianza kukusanya vifaa, nikamwomba angoje kidogo. Tulikaa pale, hatuongei, mpaka tukasikia beseni linamwagwa, na povu la sabuni likapita chini yetu.