Biskuti kwa Mkono wa Kushoto

Nilivunjika kifundo cha mkono wa kulia kwenye ngazi za nyumbani, mahali nilipopita maelfu ya mara. Nilidhani imebaki ngazi moja, kumbe mbili. Nikafungwa plasta wiki 6. Kazi yangu ni kusahihisha miswada ya vitabu, na mhariri asiyeweza kushika kalamu anakuwa mgeni nyumbani kwake: anazunguka, anafungua friji, anaifunga, anakaa.

Siku ya tatu binti yangu wa miaka 12 alichoka kunisikia nikihema. Akahamishia kipanya upande wa kushoto wa meza, akafungua ukurasa wa gemu iitwayo Cookie Clicker, wenye biskuti moja kubwa ya rangi ya kahawia.

“Baba, bofya hiyo.”

“Halafu?”

“Bofya tena.”

Nikabofya kwa kidole kizembe cha mkono nisioutumia. Kila mbofyo, biskuti moja. Zilipofika 15 nikaruhusiwa kununua kishale, ambacho kazi yake ni kubofya kwa niaba yangu, mara moja kila sekunde 10. Nilicheka peke yangu. Mtu kavunjika mkono, anauziwa mkono.

Tangu hapo, kila nikimsimulia mtu kuhusu gemu hizi za kubofya na kusubiri huniuliza raha ya kubofya iko wapi. Haipo. Raha ni kuacha kubofya. Muda si mrefu una bibi vizee kadhaa uliowanunua wakuokee, kisha mashamba, migodi, viwanda, na kidole kimestaafu. Unachofanya ni kusubiri, kuchagua cha kununua, kusubiri tena. Usiku wa kwanza niliiacha kompyuta imewashwa, maana kwenye kivinjari bibi hawa husimama ukifunga ukurasa, mpaka baadaye sana upate fursa ya kuwafanya waoke ukiwa haupo. Asubuhi nilifika kwenye kompyuta kabla ya kufika kwenye mswaki.

Kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nikaanza kusoma gemu hizi zilitoka wapi, na ndipo nilipokuta jambo lililonifurahisha kuliko biskuti zote: za mwanzo zilikuwa kejeli. Mwaka 2002 Eric Fredricksen alitoa Progress Quest, iliyowakejeli wachezaji wa michezo ya mtandaoni kama EverQuest, ambao walikesha wakiua viumbe ili namba fulani ipande. Yeye akaondoa mchezaji. Unachagua jina na kabila la shujaa wako, halafu unakaa pembeni na kutazama mistari ikijaa. Shujaa anapigana mwenyewe, anauza nyara mwenyewe, anapanda daraja mwenyewe. Watu walipaswa kucheka na kuondoka. Walicheka, wakabaki.

Miaka minane baadaye ikaja zamu ya ng'ombe. Mwaka 2009 kampuni ya Zynga ilikuwa imetoa FarmVille kwenye Facebook, na mamilioni ya watu wakawa wanakatiza shughuli zao kuvuna mazao ya kuchora kabla hayajanyauka. Ian Bogost, mwalimu wa chuo kikuu na mtengeneza michezo, aliudhika. Mwaka 2010 akatoa Cow Clicker: una ng'ombe mmoja, unambofya mara moja kila baada ya saa 6, basi. Ukitaka kumbofya kabla ya muda, ununue ruhusa. Kulikuwa hata na ng'ombe wa kununua ambaye ni yuleyule wa bure, ila ametazama upande wa pili. Alikusudia watu waone upuuzi ulivyo. Wakaja kwa makumi ya maelfu, wakamwandikia kuomba ng'ombe wapya, naye akajikuta anawachorea. Mwaka 2011 aliwaondoa ng'ombe wote, akaacha nafasi tupu kwenye nyasi. Kuna waliobaki wakibofya nyasi.

Namwonea huruma Bogost, lakini nadhani alikosea hesabu. Ukikibandua kitu mpaka kibaki kiini kitupu, halafu kiini hicho kikaendelea kuwavuta watu, hujakivunjia heshima. Umewaonyesha wengine jinsi ya kukitengeneza kwa bei rahisi.

Na wakatengeneza. Mwaka 2013 ndio mwaka wenyewe: Candy Box!, iliyochorwa kwa herufi za taipureta na kuanza na peremende moja kila sekunde. A Dark Room ya Michael Townsend, inayoanza na kitufe cha kuwasha moto na kuishia mahali ambapo sitasema. Na mwezi Agosti, Cookie Clicker ya Mfaransa Julien Thiennot, anayejulikana mtandaoni kama Orteil, yaani “kidole cha mguu”. Aliiandika kwa usiku mmoja. Jina hilo nililiona baada ya siku kadhaa za kubofya kwa kidole cha kushoto, nikaona tumeelewana.

Sasa, kinachoshikilia mtu. Wengi husema ni namba kukua, na mimi naona hilo ni nusu tu. Katika Cookie Clicker kila kiokaji unachonunua kinaifanya bei ya kinachofuata cha aina ileile ipande kwa asilimia 15. Ni kidogo, hata hushtuki. Kishale cha kwanza ni biskuti 15, cha kumi ni kama 53. Cha mia ni zaidi ya milioni 15. Nilikaa na kikokotoo (nina muda, nimesema): kishale hicho cha mia, kama hujanunua vya kukiboresha, kingehitaji karibu miaka 5 kurudisha bei yake. Kwa hiyo kila njia uliyoizoea inajifunga polepole, na hapo hapo kitu kipya kinatokea kikiwa kivuli, bei yake ya kuchekesha, hujui kazi yake. Unakifikia. Siku mbili baadaye bei ile ya kuchekesha unaipata kwa kupepesa jicho. Kinachonirudisha ni kule kudharau kesho kile kilichonitisha leo, hisia ambayo maisha hunipa kwa nadra sana, na kusahihisha miswada hakunipi kabisa. Mswada wa kurasa 400 ukishausahihisha vizuri, msomaji haoni chochote.

Ipo pia biskuti ya dhahabu. Hutokea wakati usioutegemea, hukaa sekunde chache, na ukiiwahi yaweza kuzidisha uokaji wako mara 7 kwa sekunde 77. Hii siipendi. Ndiyo iliyonifanya nikae kwenye kiti bila sababu, macho kwenye kona za kioo kama paka anayesubiri panya. Gemu iliyoniahidi kwamba naweza kuondoka ikaniwekea chambo nisiondoke. Kwenye simu hali ni mbaya zaidi: nyingi hupunguza mwendo makusudi, kisha hukuuzia haraka, kwa fedha au kwa kutazama tangazo. Bogost alitania, watengenezaji wa gemu hizo wakalichukua kama somo.

Wiki ya nne kompyuta ilikuwa nzito, nikafuta takataka za kivinjari. Gemu huhifadhiwa humohumo kwenye kivinjari. Kuna kitufe cha kunakili maendeleo yako kama mstari mrefu wa herufi ukauweke pembeni, na binti yangu alikuwa amenionya. Nilipofungua, nilikuta biskuti sifuri. Hakuna bibi hata mmoja.

“Pole,” akasema, kwa sauti ya mtu anayejizuia kusema nilikwambia.

Sikuanza tena. Nilihamia Universal Paperclips, aliyoitoa Frank Lantz mwaka 2017. Imejengwa juu ya mfano wa mwanafalsafa Nick Bostrom kuhusu mashine iliyoagizwa kutengeneza vibanio vya karatasi, ikageuza dunia nzima kuwa vibanio. Mashine ni wewe. Unaanza na kibanio kimoja kwa mbofyo mmoja, unaishia kuumaliza ulimwengu. Uzuri wake ni kwamba ina mwisho, jambo adimu katika ukoo huu: maada yote ya ulimwengu ikiisha, unaanza kuvunja viwanda vyako mwenyewe kimoja kimoja ili navyo viwe vibanio.

Plasta ilikuwa imetolewa siku mbili kabla. Mkono ulikuwa mwembamba, ngozi kama ya mjusi, na nilikuwa nimeagizwa kuuzoesha taratibu. Kila mashine ilipokwisha kuvunjwa, kitufe kile cha mwanzo kikawa kimebaki peke yake, na vibanio vichache vya mwisho vikanisubiri nivitengeneze mwenyewe. Nikakirudisha kipanya kulia. Binti yangu akasimama nyuma ya kiti, akinihesabia.