Pua Ikabanwa, Donge Likaonekana

Nianze na jirani yangu mkandaji. Nilikuwa nimetolewa plasta ya mguu baada ya wiki 6, kigimbi kimevimba, kinawaka moto. "Huo ni mshipa umepanda," akasema, akanikanda kwa mafuta ya nazi siku 2 mfululizo, nami nikalipa na ahsante juu. Siku ya 3 nikipanda ngazi za kwangu South B, Nairobi, nikahema kama mbuzi wa Idi. Kigimbi cha mguu mmoja kikivimba msikande, jamani! Damu iliyoganda ikibanduka huko, safari yake ni mapafuni.

Daktari alitaka siti skani, ila dawa yao ya kung'arisha mishipa iliwahi kunitoa mabaka mwili mzima. Nikadungwa sindano ya tumbo ya kuzuia damu kuganda, nikapelekwa kwa watu wa nyuklia, wanaopiga picha ya hewa na damu mapafuni kwa dawa yenye mionzi. Shemeji akapiga simu: "Utawaka gizani wewe!"

Kazi ni kuvuta mvuke wenye mionzi. Pua imebanwa kwa kibanio, mdomoni mpira, mtu mzima nafanana na mzamia lulu. Mara ya kwanza nikakohoa. Mara ya pili nikajiona kwenye kioo cha dirisha, nikacheka, mvuke wote nje. Mhudumu akanuna: "Mzee wangu, dawa unaupa ukuta." Ndipo likanijia dafu. Nikafumba macho, nikajifanya nanyonya dafu kwa mrija, taratibu, la kwangu, nimeshalilipia. Dakika chache, kamera ikaridhika. Hilo sikufundishwa na mtu, chukueni bure.

Kisha sindano ya mkono, umelala chali: chembe za albumini, protini ya damu, zilizobebeshwa teknetiamu-99m yenye mionzi, zinanasa kwenye vishipa vyembamba vya mapafu. Pasipofika damu, picha haionyeshi kitu. Mimi hewa iliingia kote, lakini chini kulia damu hakuna, pengo kama hamri lililong'atwa. Tofauti hiyo ndiyo iliyonitia hatiani: donge la damu limeziba mshipa.

Bima ilibeba sehemu kubwa, nikatoa kama bei ya mbuzi yuleyule.

Teknetiamu hupungua nusu kila saa 6, kwa hiyo kesho yake ilibaki sehemu 1 kwa 16. Usiku nikazima taa, nikamwita shemeji aje aangalie.

Niko kwenye vidonge vya kuzuia damu kuganda miezi 3. Mkandaji juzi kaniuliza kama mafuta yake yamesaidia.