Aliyekuja Mwisho Akaingia Kwanza

"Sista, sisi tumefika kabla yake, mbona yeye ameingia?"

Kwenye meza yetu ya triaji, yaani mahali tunapopanga wagonjwa kwa uzito wa hali zao, swali hili haliishi, hasa Jumamosi usiku, na anayeuliza ana haki yake. Amekaa benchini na mtoto aliyevimba kifundo cha mkono, mtoto analia, mara kijana anashuka kwenye bodaboda kwa miguu yake mwenyewe, kashika kifua, na anapitishwa moja kwa moja ndani. Hakuna aliyemweleza kitu.

Mimi ni muuguzi wa dharura katika hospitali ya mkoa. Hatupangi watu kwa saa waliyofika. Tunafuata mfumo wa rangi uliotungwa Cape Town: nyekundu haingoji kabisa, rangi ya chungwa aonwe ndani ya dakika 10, njano ndani ya saa 1, kijani anaweza kusubiri hadi saa 4. Maumivu ya kifua ni chungwa, hata kama mwenyewe anatembea na kuitikia salamu.

Rangi hiyo siibuni kichwani. Napima presha, joto na mapigo ya moyo, naangalia kama anatembea na kama anaitika ninapomwita, nahesabu pumzi. Pumzi nazihesabu dakika nzima, na kwa mtoto lazima nguo ifunuliwe. Mama mmoja aliniletea mtoto kamfunika kitenge, akaniambia ni mafua tu. Nilipofunua, ngozi ya katikati ya mbavu ilikuwa inazama ndani kila akivuta hewa, na tundu za pua zinatanuka. Hata kulia hakuweza. Nilimbeba nikawapita wote waliokuwa benchini, na oksijeni ikafunguliwa kabla ya faili. Kazini kwangu mgonjwa aliyenyamaza ananitia hofu kuliko anayepiga kelele.

Sasa foleni ndefu inatoka wapi? Lawama tunatupiwa sisi wa mlangoni, lakini mara nyingi mkwamo uko nyuma yetu. Mgonjwa ameshaonwa, ameshaandikiwa kulazwa, wodini hakuna kitanda. Anabaki kwenye machela yetu mpaka asubuhi, na machela hiyo ndiyo angelazwa yule wa njano anayengoja nje. Hata Uingereza, waliojiwekea lengo la wagonjwa wengi wa dharura kulazwa au kuruhusiwa ndani ya saa 4, wodi zikijaa foleni inarudi nyuma hadi kwenye magari ya wagonjwa. Sisi Tanzania idara ya kwanza ya dharura iliyokamilika ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2010, na madaktari bingwa wa kwanza wa fani hii waliosomeshwa hapa nchini walihitimu 2013. Kwa muda mfupi kiasi hicho, tumepiga hatua ninayojivunia.

Ila kuna jambo nitaendelea kulidai kwa wakubwa: anayesubiri apimwe tena. Aliyekuwa njano saa 2 usiku anaweza kuwa nyekundu saa 3, na benchini hakuna mashine inayotushtua. Kila zamu inahitaji muuguzi wa kuzunguka mabenchi tu, awapime watu upya na kuwaambia wako rangi gani na kwa nini. Tukiwa wawili usiku kazi hiyo haifanyiki, na inaniuma sana.

Kwa hiyo wewe uliyekuja na mgonjwa, uliza rangi yake. Akianza kusinzia ovyo, kupumua haraka au kuchanganyikiwa maneno, usingoje kuitwa, njoo mezani hapo hapo. Usimpe chakula kabla hujatuuliza, huenda akahitaji upasuaji. Njoo na dawa zake zote anazotumia, hata zile za kienyeji, na utuambie dalili zilianza saa ngapi. Na kama ni ajali, tafadhali usimpitishe majeruhi kituo cha polisi kutafuta PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, huku damu inamtoka. Mlete kwanza. Hiyo fomu tutaifuatilia akiwa ameshatibiwa.