Kubobea, kukubuhu na kutopea

Kubobea ni kuzama katika jambo mpaka likawa sehemu ya mtu. Kitenzi chenyewe hakisifu wala hakilaumu. Kazi hiyo hufanywa na kinachofuata "katika". Aliyebobea katika ulevi, kamari au umbea amepita kiasi, starehe imekuwa mazoea na mazoea yamemtawala. Aliyebobea katika sheria au upasuaji anasifiwa.

Ndiyo maana "amebobea" ikiachwa peke yake ni hatari. Msomaji wa leo atakimbilia utaalamu, kwa kuwa vyombo vya habari vimelizoesha sikio hivyo, na "mbobezi" na "ubobezi" zimeelemea huko kabisa. Ukikusudia lawama, taja jambo lenyewe: "amebobea katika pombe". Tumia "katika" au "kwenye". "Amebobea kwa pombe" inayumba, kana kwamba pombe ndiyo iliyompa ujuzi.

Angalia na wakati. Kitenzi hiki hupenda -me- na "aliye-", maana hali hii hujengeka polepole. "Anabobea katika magonjwa ya moyo" ni mtu ambaye bado yuko njiani, na "alibobea jana" haisemeki.

Kukubuhu aghalabu ni lawama: mwizi aliyekubuhu, mwongo aliyekubuhu. Ndani yake mna ukaidi. Mtu keshaonywa, pengine keshaadhibiwa, na bado haachi. Hapa wengi huteleza kwa kudhani ku- ya mwanzo ni ile ya kitenzi-jina, wakaandika "amebuhu" au "aliyebuhu". Mzizi ni kubuhu mzima, kwa hiyo husemwa kukubuhu, amekubuhu, wasiokubuhu.

Kutopea kumetoka kwenye tope, na picha ya miguu inayozama bado imo. Ndilo ninalolipenda zaidi kati ya haya matatu, kwa sababu linaacha nafasi ya huruma: mtu hutopea katika ulevi, lakini pia katika madeni na umaskini, mambo ambayo huenda hakuyataka. Ukisema "ametopea katika madeni", tunamwona aliyekwama. Ukisema "mkopaji aliyekubuhu", tunamwona anayebisha hodi tena kesho.

Yote matatu yanataka muda. Aliyekula kupita kiasi karamuni mara moja hajabobea, hajakubuhu wala hajatopea. Huyo amevimbiwa tu.