Shimo la Mbayuwayu, Kitulo

Pale Chimala, dereva wa bodaboda alilitazama begi langu la kamera kwanza, mimi baadaye, kisha akataja shilingi 40,000. Mama muuza chai alikuwa ameshaninong'oneza kwamba watu hupanda Matamba kwa 15,000. Tulibishana tukaishia 30,000, na hadi leo inaniuma. Barabara yenyewe huitwa Hamsini na Saba, kwa hesabu ya kona zake. Kila kona nililikumbatia begi kifuani, huku bonde la Usangu likizidi kuwa dogo chini yetu.

Matamba nililala ndani ya mablanketi matatu na bado meno yaligongana. Maji ya moto niliyolipia hayakuletwa.

Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005, inasifiwa kwa maua. Wenyeji huiita Bustani ya Mungu, na Januari ile okidi zilikuwa zimechanua kila nilipokanyaga. Lakini ua linakusubiri upange lenzi. Mimi nilimfuata mbayuwayu wa buluu, anayekuja nyanda hizi kuzaa wakati wa mvua, kisha ikifika Aprili hivi huondoka kuelekea pande za Ziwa Victoria. Wamebaki wachache duniani, kwa sababu nyasi za milimani wanakozalia zinalimwa au kupandwa miti.

Siku mbili, ukungu mtupu.

Siku ya tatu mlinzi wa hifadhi niliyeongozana naye alinishika mkono ghafla. "Kaka, usisogee. Liangalie lile shimo." Lilikuwa shimo la muhanga, yule mnyama mchimbaji, ubavuni mwa kilima, na ndani yake ndege wale walikuwa wamejenga kiota cha tope. Tukakaa mbali, kwenye majani yaliyolowa, zaidi ya saa nzima. Betri za akiba nilizificha ndani ya koti, maana baridi huzimaliza upesi.

Akaja. Nilimwona mweusi, mpaka jua lilipopenya mawingu akawaka buluu ya chuma, na mkia ukimfuata kama nyuzi mbili. Niliweka kasi ya 1/2500 ya sekunde, nikapiga picha 63. Karibu zote zilitoka nyasi na anga.

Nilimsihi mlinzi tusogee hatua kumi tu.

"Akituona hapo haingii," alisema, "na makinda yatashinda njaa."

Nilinuna. Nilifikiria pesa, zile kona, usiku wa baridi, na likizo iliyobaki siku moja. Halafu nikamkumbuka baba. Nyumbani Muheza mbayuwayu walijenga juu ya mlango wa duka lake, na wateja walilalamika kwa kinyesi kilichowadondokea. Baba hakugusa ufagio. Aliufunga mlango wa mbele akauzia mlango wa nyuma mpaka makinda yaliporuka, ingawa wapita njia wengi walidhani ameshafilisika. Mwaka ule tulivaa sare za shule zilizotiwa viraka. Sikumwelewa, na nilimwonea haya mbele ya wenzangu.

Nikabaki nilipokuwa.

Picha moja ilipona: mkia ukiishia gizani mwa shimo, nao una ukungu kidogo. Jioni, Matamba, nilipanda kwenye kichuguu kutafuta mtandao nikamtumia baba. Akapiga simu papo hapo. Hakuuliza habari za safari.

"Mvua ikinyesha," alisema, "shimo hilo haliingii maji?"